Mke wangu alipanga kwenda Pangani wakati wa masika, wivu ukanifanyisha kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu

Wakuu, shikamooni wale mnaostahili, na wadogo zangu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya miaka mingi. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, nalala. Leo nimeona nami niteme langu, maana limenikaa kooni zaidi ya miaka ishirini.

Ninayoandika yamenitokea mimi. Sio rafiki yangu, sio jirani yangu. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu wahusika wengine wako hai na mmoja wao ndiye ananipikia.

Nianze na background kidogo ili msinihukumu mapema. Kuhukumu mtahukumu tu, ila basi iwe baadaye.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikuwa tunaishi Soweto, Moshi mjini, vyumba viwili vya kupanga. Mimi ni Mlutheri wa Old Moshi. Mke wangu ni Mkatoliki wa Kilema, nitamwita Devota. Mtoto tulikuwa naye mmoja, Neema.

Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Wanunuzi binafsi wakaingia, mambo yakageuka, tukapunguzwa kazi wengi kwa siku moja. Nikarudi nyumbani na barua mkononi.

Devota hakulia wala hakunilaumu. Wiki iliyofuata aliingia kwenye mitumba. Anadamka, anapanda gari mpaka Holili, anavuka upande wa Kenya, anarudi na bandali lake, anauza sokoni. Baada ya miezi michache yeye ndiye analisha nyumba. Mimi nabaki na Neema na redio.

Wakuu, mwanaume akikaa nyumbani bila kazi akili inatafuta kazi yenyewe. Yangu ikapata kazi ya wivu, na ikaajiriwa full time.

Akichelewa nusu saa, nauliza. Akicheka na kondakta, nauliza. Akivaa ile blauzi ya kijani, nauliza anamvalia nani. Siku moja nilipanda gari la nyuma yake mpaka Holili, nikajificha ubavuni mwa lori, eti nione anacheka na nani. Alikuwa anacheka na mama mmoja muuza chai mwenye meno mawili. Nikarudi Moshi na njaa yangu.

Wahenga walisema wivu ni kidonda. Changu kilishatunga usaha.

Sasa tuje kwenye Pangani.

Ilikuwa kama mwezi mmoja kabla ya Pasaka. Tunakula, Devota akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi:

"Baba Neema, Pasaka hii nataka kwenda Pangani. Siku tatu nne hivi."

"Pangani ya wapi?"

"Kwani kuna ngapi? Ya Tanga, baharini."

"Kufanya nini?"

"Kupumzika. Nione ule mji wa zamani, nile samaki."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Weee!

Wachaga wenzangu mtanielewa. Sisi watu wa mlimani enzi zile tulisafiri kwa sababu tatu tu: kuzika, kuoa na biashara. Hakuna Mchaga aliyefunga safari kwenda kupumzika. Ukitaka kupumzika unakwenda kijijini, unapewa panga ukate majani ya ng'ombe. Sasa mwanamke wa Kilema anaacha Pasaka ya nyumbani, anaacha misa ya kwao, anakwenda kwenye mji wa wavuvi kupumzika peke yake? Mimi ni mjinga?

Nilimaliza chakula changu nikatoka nje.

Kuanzia siku hiyo nikaanza uchunguzi. Na kadiri nilivyochunguza ndivyo nilivyozidi kuumia.

Kwanza, aliujua mji wenyewe kupita kiasi. Siku moja nikamtega, nikamwambia, "Huko utapotea." Akanijibu bila kufikiri kwamba hawezi kupotea, mtu akishuka kwenye gari anaona mto, anaona pantoni inayovusha watu kwenda ng'ambo, anafuata barabara ya maghala ya zamani, nyuma ya boma la Wajerumani kuna maduka. Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema amesikia tu kwa wafanyabiashara wenzake. Wakuu, mtu anasikia tu mpaka anajua maduka yako nyuma ya boma?

Pili, nikaenda soko la Mbuyuni kwa mama mmoja wa Tanga aliyekuwa anauza nazi na samaki wakavu. Nikajifanya mteja. Nikamuuliza Pangani wakati wa Pasaka kukoje.

Yule mama aliacha kupanga nazi zake akanitazama.

"Masika hii? Mwanangu, wenda kufuata nini? Njia yote matope, bahari imechafuka, samaki wa kutafuta kwa tochi. Wavuvi wenyewe wamekaa barazani washona nyavu. Ngoja mvua ikatike uende."

Mimi hilo sikulijua kabisa. Kwetu mlimani masika ni ukungu, baridi na kupanda mahindi shamba la chini. Nilidhani huko pwani jua linawaka mwaka mzima. Kumbe Devota anakwenda kuangalia bahari wakati ambao hata wenye bahari wamekaa ndani!

Nikapiga hesabu yangu ya kijinga pale pale sokoni. Mtu hafuati mji wakati wa mvua. Anafuata mtu.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia, "Nitakwenda na wewe." Nilitegemea agome ili nipate ushahidi. Alikunja nguo moja ya kuuza, halafu akasema:

"Sawa. Neema tutamwacha kwa bibi yake Old Moshi. Ila nakuomba kitu kimoja, tukifika huko usiniulize chochote mpaka nikuambie mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Umeshauliza, Baba Neema."

Akaendelea kukunja nguo. Mimi damu inachemka, yeye anakunja suruali za watoto.

Tatu, hii ndiyo iliyonimaliza. Alikuwa na daftari lake dogo la biashara. Sikuwa na tabia ya kulifungua, nakiri nililifungua. Ukurasa wa katikati aliandika mpango wa safari: Alhamisi basi la asubuhi mpaka Tanga, kulala Tanga, Ijumaa Kuu gari la Pangani. Chini yake mstari mmoja, "Bashiri, dukani kwake, baada ya swala ya Ijumaa."

Bashiri!

Nililisoma lile jina mara kumi. Nikaanza kumjenga huyo Bashiri kichwani. Nikampa urefu, nikampa ndevu nzuri, nikampa kanzu nyeupe imepigwa pasi na manukato. Nikampa maneno matamu ya pwani, maana sisi wa mlimani tunasema na mwanamke kama tunagombana naye. Nililala na Bashiri, nikaamka na Bashiri. Nikimwogesha Neema namwona Bashiri kwenye beseni.

Kwa nini sikumuuliza tu mke wangu? Nimejiuliza sana. Nadhani niliogopa atasema ndiyo. Nilikuwa sina kazi, sina cha kumwambia abaki.

Jumatano, siku moja kabla ya safari, Devota akaenda Holili mara ya mwisho. Begi lake la safari lilikuwa chini ya kitanda. Nikalivuta nikalipekua, mchana kweupe, mlango wazi, kama mwenye haki.

Nguo. Kandambili. Rozari. Chini kabisa kulikuwa na kitenge safi kimekunjwa vizuri. Nikakifungua.

Ndani kulikuwa na jani la isale, limefungwa.

Kwa ambao sio wa kwetu, niwaeleze. Isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Mtu akikukosea sana, akakuletea jani la isale limefungwa fundo, amekuja kuomba msamaha. Na ukiletewa, huwezi kukataa. Hata kama alikuibia mke, hata kama mlikuwa hamsalimiani tangu ujana. Sio mchezo kabisa. Mzee akitoa isale, ametoa moyo wake.

Sasa mimi na wivu wangu nikasoma kama ifuatavyo. Mke wangu alikuwa na huyu Bashiri zamani. Akamwacha akaolewa na mimi. Sasa mimi sina kazi, anarudi kumwomba msamaha ampokee tena. Na anatumia isale, kitu kitakatifu cha wazee wetu, kwa ajili ya hawara!

Ila mtu wa Pangani atajuaje isale? Hilo lilinipita kichwani kama nzi, nikalifukuza. Mwenye wivu hapendi maswali mazuri.

Nilichukua kisu cha jikoni nikalikata lile jani vipande. Nikaenda navyo chooni uani, nikavitupa kwenye shimo. Natukana peke yangu.

Nilipotulia kidogo nikaogopa. Kwanza mila yenyewe, hakuna mtu nimewahi kumsikia amekata isale la mtu. Halafu Devota akifungua kitenge akute hamna, mambo yataishia Moshi, na mimi nilishataka nimwone huyo Bashiri kwa macho yangu.

Basi nikafanya hili la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nyumba ya jirani ilikuwa na ua wa masale. Nikakata jani moja, jembamba, lina vumbi la barabarani. Nikalifuta kwa shati, nikalifunga fundo, nikalikunja kwenye kile kitenge, nikarudisha begi mahali pake. Nikajisemea, haya, apokee jani la uani, msamaha wa bandia. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Alhamisi tukaondoka. Njia nzima hatukuongea la maana. Tulilala Tanga gesti moja karibu na stendi, Ijumaa tukapata gari la Pangani. Yule mama wa Mbuyuni hakunidanganya. Tulishuka mara mbili kusukuma gari kwenye matope, Devota ameshika viatu mkononi na lile begi kifuani, hataki nimsaidie kulibeba. Nikaliangalia lile begi nikachukia upya.

Tulifika mchana, mvua inanyesha. Mji ulikuwa kama alivyosema. Mto mpana una rangi ya chai ya maziwa, pantoni imefungwa kamba, majumba ya zamani ya mawe yameota majani ukutani, milango mikubwa ya nakshi mingine haina nyumba nyuma yake. Wanaume wamekaa barazani na nyavu mapajani, wanatutazama sisi wageni wa matope. Kunanuka samaki wa jana. Sehemu nzuri, wakuu, hata kwenye mvua, ila siku ile sikuwa na macho ya uzuri.

Devota alikwenda moja kwa moja. Hakuuliza njia. Nyuma ya boma, duka la tatu. Mimi nyuma yake nimekunja ngumi mfukoni.

Ndani kulikuwa na mwanaume mmoja anapima uzi wa nyavu kwa urefu wa mkono, anamuuzia mvuvi. Mtu mzima, kofia ya mkono, ndevu zina mvi, kitumbo. Kanzu yenyewe imechakaa kwenye mkono. Nikasema moyoni, huyu? Ndiye huyu ameninyima usingizi mwezi mzima? Nikaudhika zaidi.

Yule mvuvi akatoka. Mwenye duka akanyanyua uso akamwona Devota.

Devota akamsalimia. Kwa Kichaga.

Na yule mtu akaitikia kwa Kichaga. Kichaga cha Kilema kabisa, kile cha kuvuta maneno, cha mtu aliyenyonya nacho. Uzi ukamponyoka mkononi ukabingirika mpaka miguuni kwangu. Nikamwangalia vizuri. Paji la uso ni la Devota. Masikio ni ya Devota. Hata Neema wangu ana masikio yale.

Devota akafungua begi, akatoa kitenge, akakifungua, akapiga goti moja kwenye sakafu ya duka. Akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili.

"Kaka, baba amenituma. Anasema yaishe."

Wakuu, dunia ilisimama.

Devota ndipo akanigeukia. "Baba Neema, huyu ni kaka yetu Boni."

Sasa niwaeleze Boni ni nani. Kwa kina Devota nilikuwa nimesikia tu kwamba kaka yao mkubwa alikwenda Zambia akapotelea huko. Ukiuliza zaidi, watu wanabadili mada. Kumbe Boni hakuwahi kufika Zambia. Alipata kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akampenda binti wa Pangani, akasilimu, akamwoa, akawa Bashiri. Alipokwenda kutoa taarifa nyumbani, baba yao, mzee Kalisti, nguzo ya parokia pale Kilema, alimfukuza mbele ya watu. Kihamba chake akapewa mdogo wake. Mzee akamwambia hana mtoto anayeitwa Bashiri. Akatangaza kwa majirani kwamba Boni yuko Zambia. Miaka kumi na minane.

Na Devota alimpataje? Kule Holili. Mama mwingine wa Tanga alimwambia, "Unavyoongea hivyo, Pangani kuna mwenye duka anaongea kama wewe." Mke wangu akaandika barua. Akajibiwa, akaelekezwa njia mpaka dukani. Akampelekea mzee habari. Mzee alikuwa ameanza kuugua, miguu inavimba, na mwenyewe ndiye akakata isale, akafunga, akasema mpelekee mwanangu. Ila akamwapisha asimwambie mtu mpaka jani lifike, maana mzee mzima kumwomba mtoto msamaha sio jambo la kutembea midomoni.

"Na wewe ningekuambia," Devota aliniambia baadaye, "kesho yake lingekuwa kilabuni kwenye mbege. Wewe huna siri, Baba Neema."

Kweli sina.

Lakini turudi pale dukani. Boni alilishika lile jani, akakaa juu ya gunia la chumvi akalia. Mtu mzima, ndevu za mvi, analia na kamasi. Mke wake akatoka ndani mbio kuona kuna nini, mama mmoja mpole wa pale pale mjini, naye akaanza kulia bila kuambiwa.

Boni akasema, na maneno haya nayakumbuka moja moja:

"Niliapa. Bila isale la baba, Kilema sikanyagi. Hata kumzika nisingekwenda. Na leo limekuja."

Mimi nimesimama pale mlangoni, mvua inanidondokea kwenye kola. Isale la baba liko kwenye shimo la choo, Soweto. Alilolishika ni la ua wa jirani, nimelifunga mimi kwa chuki.

Nilifungua mdomo niseme. Kweli tena, nilifungua. Halafu nikaona, nikisema, anarudisha jani, haendi. Mzee anakufa bila mtoto wake. Nikisema, Devota ananiacha pale pale Pangani. Nikanyamaza. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonifunga mdomo. Ningependa kusema ni la kwanza.

Tulikaa kwao mpaka Jumapili. Walitupikia samaki wa nazi, na wali, na mikate ya kumimina, siku za samaki adimu hizo, wametafuta kweli. Boni alinipenda, ndilo lililonitesa. Ananiita shemeji, ananipa kiti kizuri, ananiuliza habari za kahawa. Kila saa anapapasa mfuko wa kanzu aone jani lipo. Na mimi, mtaniona wa ajabu, niliendelea kuona wivu hata pale. Nilimwonea wivu kwa namna Devota alivyomtazama. Mimi sijawahi kutazamwa vile.

Jumatatu ya Pasaka tukapanda naye, yeye na mke wake, mpaka Kilema.

Mzee Kalisti alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, blanketi mapajani, miguu imevimba. Boni alianza kulia tokea kwenye migomba. Alipofika akasema "Shikamoo baba," na mzee akaitikia "Marahaba, Boni." Kisha akasema tena, "Marahaba, Bashiri." Nyumba nzima ililia, mpaka wale waliokuja kuomba chumvi.

Mbuzi alikuwa tayari amefungwa. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayechinja au anachagua wa kuchinja. Mzee, Mkatoliki yule wa rozari asubuhi na jioni, alimpa Boni kisu. "Chinja wewe kwa njia yako, ili wewe na mke wako mle." Wakuu, mimi nimesikia mahubiri mengi, sijasikia zuri kama hilo.

Kisha Boni akatoa lile jani mfukoni, limeanza kunyauka, akamrudishia baba yake kwa mikono miwili kuonyesha amepokea.

Mzee akalichukua. Akalipitisha kwenye kidole gumba, polepole, kutoka kwenye shina mpaka kwenye fundo. Akalitazama fundo. Kisha akanyanyua macho. Akamtazama Devota, akamtazama Boni, akanitazama mimi. Nikaangalia mbuzi.

"Kaa nalo mwanangu," akamwambia Boni, akamrudishia.

Baadaye watu wakila, mzee akaniita. "Mkwe, nishike mkono unipeleke kwa ng'ombe." Tukaenda mpaka kwenye zizi, mimi na yeye tu. Akaegemea mti wa mlango. Hakupandisha sauti.

"Nilikata kwenye kaburi la baba yangu. Majani ya pale ni mapana. Na nilifunga mafundo mawili, la kosa lake na la kosa langu. Hilo lina moja."

Niliokota jani la mgomba chini, nikalitupa tena.

"Devota hawezi kufanya hivyo. Boni hawezi. Sasa amebaki nani?"

"Baba, nilidhani..."

"Sitaki kujua ulidhani nini." Akamtazama ng'ombe akitafuna. Halafu akasema, "Jani sio langu. Lakini mtoto ni wangu."

Akanishika bega, mkono mzito. "Una mdomo mkubwa, mkwe. Hili moja lifunge."

Nikamrudisha kwenye kigoda chake. Tukala nyama.

Mzee alifariki kabla ya kahawa kuiva mwaka ule. Boni alikuwepo, alibeba jeneza mbele upande wa kulia, na akapewa sehemu yake ya kihamba kama mzee alivyoagiza. Mimi nilishika chepeo la kufukia kaburi.

Tangu hapo sijawahi kumuuliza Devota anatoka wapi wala anacheka na nani. Watu wanadhani nimeokoka. Wivu haujaisha jamani, ukinipanda nauma ulimi. Nilichojifunza ni kwamba mtu mwenye wivu hatafuti ukweli, maana ukweli nilikuwa nalala nao kitanda kimoja, ningeuliza swali moja tu kwa upole ningejibiwa. Vijana mliooa, ulizeni. Hata jibu likiuma, ni afadhali kuliko kupekua begi.

Sasa ninachoomba kwenu. Kila Pasaka tunakwenda Pangani, mvua inyeshe isinyeshe, na mwaka huu Devota ameshaanza mipango. Boni sasa ni mzee. Lile jani amelitia kwenye fremu ya kioo, limekauka limekuwa la kahawia, liko ukutani dukani kwake. Kila tukifika analitelemsha, analifuta vumbi kwa kanzu, analionyesha kwa wajukuu, anasema hili ni jani la babu yenu, lilitoka mikononi mwake. Kisha ananigeukia mimi, maana nilikuwepo.

"Au siyo, shemeji?"

Mzee aliniambia nifunge. Nami nimeanza kuchoka kuitikia.

Wenye busara, wenye matusi, wote nawasoma. Safari hii nimjibu nini?